Simu ya Jumapili: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyetoroka kituo cha matibabu ya bweni

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vituo vya bweni vinavyowatibu vijana wanaotumia vileo na dawa za kulevya. Si habari za kijana mmoja. Mazingira ni ya pwani ya Kenya, na idadi zilizotajwa ni za kisa chenyewe.

Kijana ana miaka 16. Fomu ya kuingilia inasema: muguka (majani ya kutafuna yanayochangamsha, jamii ya miraa) kila siku kwa miaka miwili, bangi mara nne au tano kwa wiki, shule ameiacha muhula mmoja na nusu, nyumbani anaiba hela ndogondogo. Kituo kinapokea wavulana wa miaka 13 hadi 17 kwa mpango wa miezi mitatu. Kuna vijana 24 katika mabweni mawili, washauri wawili, nesi mmoja, mwalimu mmoja, walezi watatu wa zamu ya mchana na wawili wa usiku. Daktari wa magonjwa ya akili huja mara moja kila wiki mbili. Kila kijana hupata vikao viwili vya peke yake kwa wiki, saa moja moja, pamoja na vikao vya kikundi.

Usiku wa Jumapili, siku ya 35, kijana alitoroka. Siku ya 37 alirudi mwenyewe, akifuatana na mjomba wake. Faili lake lilikuwa safi: malengo yameandikwa, vikao havijarukwa, maandishi yamesainiwa. Kwa hiyo jibu la haraka la kituo lilikuwa kwamba kijana hakuwa tayari kubadilika. Mwenye kulisoma faili hilo sambamba na daftari la zamu ataona habari nyingine. Saa mbili za ofisini zilikwenda vizuri; kilichomtorosha kilikuwa ndani ya saa 166 zilizobaki za wiki, na sehemu kubwa yake ilitengenezwa na kituo chenyewe.

Alivyoingia

Aliambiwa anapelekwa kuangalia shule mpya. Gari lilipinda getini, mjomba akashuka kusaini, na mlango ukafungwa. Familia nyingi hufanya hivi kwa hofu kwamba kijana ataruka njiani, na vituo vingi hunyamaza kwa sababu kitanda kimepata mtu. Anayelipia uongo huo ni mshauri, maana kikao cha kwanza anakaa na mtu aliyedanganywa na wote aliowaamini. Kumtetea mjomba hakusaidii, na kumponda kunaharibu zaidi. Kauli iliyo karibu na sawa ni fupi: "Ulidanganywa, na si haki. Mimi nitakuambia ukweli hata kama utakukera." Kisha unautaja ukweli wa kwanza palepale, yaani mambo ambayo mshauri hawezi kuyaweka siri: kijana akitaka kujiua, akitaka kumdhuru mtu, akiwa ameumizwa na mtu mzima, na, katika kituo hiki, akipanga kutoroka. Hilo la mwisho wataalamu hawakubaliani nalo wote. Lakini kama ni kanuni ya nyumba, lisemwe siku ya kwanza, kwa sababu siku litakapotumika bila kutajwa kabla, kijana ataliita usaliti na atakuwa na haki.

Ridhaa ilisainiwa na mjomba kwa niaba ya mama. Kijana mwenyewe hakuulizwa kitu. Sahihi ya mlezi inatosha kumwingiza mtoto bwenini. Haitoshi kumfanya atibiwe. Fomu ya pili ya ukurasa mmoja, ya kijana peke yake, yenye safu mbili, "nakubali" na "bado sijakubali", ingechukua dakika kumi. Kijana huyu alipoulizwa katika kikao cha pili anataka nini, alijibu: "Kulala." Mshauri aliliandika jibu hilo kama dharau. Lilikuwa lengo zuri la kuanzia, tena la kweli.

Vipimo vya kuingilia vilifanywa siku ya 2. Katika CRAFFT, yenye maswali sita kuhusu vileo na dawa, alipata 5. Kuanzia 2 mtu anahitaji kuchunguzwa zaidi. Katika PHQ-9 ya mfadhaiko alipata 13, ambayo ni ngazi ya wastani, na swali la tisa, lile la mawazo ya kufa, akajibu "siku kadhaa". Hapa mshauri alifanya kazi nzuri. Alimwuliza ana kwa ana siku hiyohiyo kama anafikiria kujiua, kama ana mpango, na kama amewahi kujaribu. Wakaandika pamoja mpango wa usalama: dalili zake za mapema, mambo anayoweza kuyafanya peke yake, watu wa kukaa nao, watu wazima wa kuomba msaada, na namna ya kuweka mbali vitu vya hatari. Nesi alijulishwa kabla ya jioni.

Kasoro ni kwamba PHQ-9 haikurudiwa mpaka baada ya kutoroka. Alama iliyopimwa siku ya 2 inachanganya huzuni na arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea kitu na sasa unakikosa, nayo haifai kubebwa mwezi mzima kama ilivyo. Ipimwe tena wiki ya tatu, na ya tano. Mstari unaoshuka na mstari uliokwama husimulia mambo mawili tofauti.

Mwili, kisha kadi

Anayeacha muguka ghafla hulala sana siku za mwanzo, hula kwa pupa, hunyong'onyea, hukasirika upesi na huota ndoto za kutisha. Anayeacha bangi hufanya kinyume: usingizi unakimbia, chakula hakipiti, hasira iko karibu. Dalili za bangi huanza ndani ya siku moja hadi tatu, huwa kali zaidi wiki ya kwanza, na nyingi hupungua ndani ya wiki mbili, ila usingizi mbovu na ndoto huweza kuendelea wiki kadhaa zaidi. Kijana anayeacha vyote viwili kwa pamoja anakuwa na mwili usiotabirika: siku ya 3 haamshiki, siku ya 9 hapati lepe. Daftari la zamu la siku ya 3 linasema "mvivu". La siku ya 9 linasema "msumbufu usiku". Hakuna mtu aliyewafundisha walezi kwamba yote mawili ni ugonjwa uleule.

Sasa iweke kadi ya pointi juu ya mwili huo. Kila siku kijana huanza na pointi 100. Kuchelewa kuamka saa 11:30 alfajiri ni pointi 10, kitanda kisichotandikwa 5, kujibizana 20, vurugu 50, kushikwa kwa nguvu na walezi 100. Wiki nzima ina pointi 700. Mwenye 560 na zaidi anaruhusiwa kupiga simu nyumbani Jumapili jioni kwa dakika kumi. Siku 14 za mwanzo hakuna simu kwa yeyote.

Wiki ya tatu kijana alipata 575 na akapiga simu, siku ya 21. Baada ya simu hiyo hakula. Mwenzake alimtania mezani, naye akarusha sahani. Pointi 50 zikaondoka, zikaingizwa kwenye hesabu ya wiki ya nne. Wiki hiyo alichelewa kuamka asubuhi sita kati ya saba, kwa kuwa usingizi ulikuwa unamchukua saa nane za usiku. Hizo ni 60. Makosa madogo yalikula 45. Jumla akabaki na 545, pungufu kwa 15. Angesamehewa asubuhi mbili tu, kwa neno la nesi, angezungumza na mama yake siku ya 28.

Hakuzungumza naye. Usiku ule alikataa kwenda kulala, akapiga ngumi ukuta, na walezi wawili wakamlaza kifudifudi wakamshikilia kwa dakika nne. Kumlalisha mtu kifudifudi na kumkandamiza mgongo kunabana pumzi, na watu wamekufa hivyo. Hakufai kutumika kwa mtoto hata kwa dakika moja. Lakini turudi kwenye hesabu. Pointi 100 zilizokatwa usiku huo ziliingizwa wiki ya tano. Maana yake Jumatatu asubuhi kijana alikuwa amebakiwa na nafasi ya kupoteza 40 tu kwa wiki nzima, ilhali kwa usingizi peke yake alikuwa anapoteza 60. Alijua kuhesabu. Kadi isiyoweza kushindwa tangu Jumatatu haimfundishi mtu adabu. Inamwambia hana cha kupoteza tena. Alimaliza wiki na 480.

Kadi za pointi zina kazi yake. Zinawapa walezi wapya lugha moja na zinapunguza upendeleo. Zifungwe kwenye vitu vya ziada: filamu ya Ijumaa, zamu ya kwanza uwanjani, kuchagua chakula cha Jumamosi. Sauti ya mama si kitu cha ziada. Kuiweka kwenye kadi ni kuugeuza uhusiano ambao tiba inaujenga kuwa rungu la nidhamu, na kituo kinakuwa kinabomoa usiku kilichojengwa mchana.

Walichoandika walezi, alichosikia mshauri

Daftari lina maandishi mawili ya Jumapili yanayofanana: mkali baada ya simu, mkali kwa kukosa simu. Mkutano wa siku ya 29 ulihitimisha kwamba "simu inamharibu" na kwamba "anatafuta kuonewa huruma". Maneno haya ya mwisho ni ya gharama kubwa kuliko yote yanayoandikwa katika madaftari ya bweni, kwa sababu yakishaandikwa hakuna anayeuliza tena. Hakuna aliyemwuliza kijana simu ya siku ya 21 ilisema nini.

Mshauri alikuwa na nafasi. Kikao cha Alhamisi, siku ya 32, kijana alisema: "Mama hawezi peke yake pale." Mshauri aliitikia, kisha akarudi kwenye zoezi la siku hiyo, ambalo lilikuwa kupima hamu ya muguka kwa namba kuanzia 0 hadi 10 na kutafuta mambo ya kufanya hamu inapofika 7. Zoezi ni zuri. Halikuwa na uhusiano na kilichokuwa kinamla mtoto. Maandishi ya kikao yanasema: "Anatumia familia kama kisingizio cha kutaka kuondoka." Mpango wa tiba uliandikwa siku ya 5 kwa kufuata fomu ya mjomba, na fomu ya mjomba ilitaja muguka. Tangu hapo kila kitu alichosema kijana kilipimwa kwa mizani ya muguka.

Kuna jeraha jingine, dogo kwa ukubwa lakini limekaa pabaya. Wakati anashikiliwa siku ya 28, mlezi mmoja alimwambia: "Ndiyo maana hata babako hapokei simu zako." Habari hiyo ilitoka ofisini. Mshauri alikuwa ameandika kwenye daftari la zamu, kwa nia njema: "Alilia kuhusu baba. Baba yuko Qatar, hapokei simu." Daftari la zamu si mahali pa kuandika alichosema kijana. Ni mahali pa kuandika mlezi afanye nini. Taarifa ileile ingeandikwa hivi: "Jumapili jioni huwa mzito. Mpeni kazi ya mikono jikoni kati ya saa 12 na saa 2. Msimwulize habari za nyumbani. Akiomba kuongea, niiteni." Mlezi anapata anachohitaji, na siri inabaki kwenye faili lenye kufuli. Lawama zote hazimwendei mlezi. Mtu anayekaa zamu ya saa 12 na vijana 12, aliyepewa siri bila kufundishwa kazi yake, ataitumia siku atakapozidiwa.

Usiku wenyewe, kiungo kwa kiungo

Kijana aliporudi siku ya 37, mambo ya kwanza yalifuata utaratibu unaofaa. Nesi alimwona kabla ya mtu yeyote: vidonda, maji, chakula, alichotumia. Alikuwa ametafuna muguka usiku mmoja. Mshauri alimwuliza swali la kujiua tena, ana kwa ana. Hakunyolewa, hakupigishwa magoti, hakusimamishwa mbele ya wenzake. Haya yanafaa kutajwa kwa sababu katika baadhi ya vituo ndiyo mapokezi ya kawaida, wakati Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inamkinga kila mtoto na adhabu ya kikatili.

Siku ya 38, baada ya kulala usiku mzima, walifanya uchambuzi wa mnyororo. Mbinu hii inatoka kwenye tiba iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan, na kwa vijana inafanya kazi ikiwa ya mikono: karatasi ya manila mezani, kalamu za wino mzito, dakika 45 zisizozidi. Tukio linaandikwa upande wa kulia. Hali iliyomdhoofisha siku hiyo inaandikwa kushoto kabisa. Katikati yanajazwa mawazo, hisia, mwili, vitendo, moja baada ya jingine, bila kuruka. Mshauri hatumii "kwa nini", maana "kwa nini" kwa mtoto wa miaka 16 ni swali la mkuu wa nidhamu. Anatumia "halafu?". Kijana akiruka kutoka saa moja hadi saa tatu, unamrudisha: "Saa moja na nusu ulikuwa umekaa wapi?"

Karatasi ilitoka hivi. Usiku wa kuamkia Jumapili alipata usingizi wa saa tatu tu. Saa 1:40 jioni aliwaona wenzake wakipanga foleni ya simu. Saa 2:10 alimwomba mlezi dakika mbili tu, akajibiwa kwamba simu ni ya wenye adabu. Hapo likaja wazo: "Ameshafika nyumbani." Kifua kikabana, mikono ikawa baridi. Saa 2:30 aliomba aitiwe mshauri. Akaambiwa mshauri yupo Jumatatu. Saa 2:45 alimwomba mlezi mwingine ampigie mama yeye mwenyewe, si lazima ampe simu, amwulize tu kama yuko salama. Akaambiwa kesho. Saa 3:00 zamu zikabadilishana. Saa 3:10 hakuwapo.

Mshauri alipolipitia manila kwa kidole alikuta maombi matatu ya msaada kabla ya kutoroka, yote ya adabu, kila moja likiwa na ujuzi ambao kituo kilikuwa kinamfundisha darasani: subiri, omba, tafuta mtu mzima. Yote matatu yaligonga mwamba. Katika mnyororo wa aina hii mtu hutafuta kiungo kilicho rahisi kukata. Hapa hakikuwa ndani ya kijana. Kilikuwa simu ya dakika moja saa 2:45.

Na "ameshafika nyumbani" ni nani? Kwa mwaka mmoja kijana alikuwa akichukua muguka kwa mkopo kutoka kwa muuzaji wa mtaani na kuwauzia wenzake maskani, yaani kijiweni. Alipoingizwa kituoni ghafla alikuwa anadaiwa shilingi 4,500. Katika simu ya siku ya 21 mama alimwambia, kama mtu anayetoa habari za kawaida, kwamba kuna mtu alikuja kumwulizia, na kwamba mdogo wake wa miaka 13 ameanza kushinda maskani. Kijana aliunganisha habari hizo mbili mara moja: mdogo anafanyishwa kazi ya kulipa deni. Dhana yake ilikuwa nusu kweli. Mtoto alikuwa ametumwa mara mbili kupeleka vifurushi.

Kilichobadilishwa

Uongozi ulitaka aanze upya ngazi ya kwanza, siku 14 bila simu. Mshauri alibeba manila ile mpaka kwenye mkutano na akauliza swali moja: siku hizo 14 zinatibu nini? Zingemrudisha palepale penye wazo lililomtorosha. Uongozi ulikubali kuitoa simu kwenye kadi, kwanza kwa kijana huyu, baadaye kwa wote. Sasa ni mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili, dakika 15, na mshauri au nesi anakaa naye dakika tano baada ya simu. Dakika hizo tano ndizo za maana: mtoto anatoka kwenye sauti ya nyumbani na kurudi bwenini, na mtu mzima anauliza, "Umesikia nini?"

Zamu ya usiku ilipewa ruhusa ya kumpigia mshauri aliye zamu kwa sababu tatu zilizobandikwa ukutani: kijana ametaja kufa, kijana ameomba mshauri mara mbili, kijana amesema nyumbani kuna hatari. Ratiba ya kubadilishana zamu ilisogezwa kutoka saa 3:00, wakati wa kulala, hadi saa 1:00, wakati vijana wote wako mezani na ni rahisi kuwahesabu.

Deni halikuwa jambo la kliniki, lakini bila kulishughulikia hakuna kliniki. Mshauri alianza na karatasi ya safu tatu pamoja na kijana: yanayoweza kusemwa na mshauri, tutakayosema pamoja, na yasiyosemwa bado. Deni liliingia safu ya pili. Habari za mdogo hazikuwa na safu, kwa sababu mtoto wa miaka 13 kutumwa vifurushi ni suala la ulinzi wa mtoto. Kijana aliambiwa hivyo kabla ya hatua yoyote, na afisa wa watoto akajulishwa. Familia yoyote nchini Kenya inaweza pia kupiga 116 bila malipo.

Kumpeleka muuzaji polisi kwa kosa la kuuza muguka si rahisi kama watu wa nje wanavyodhani. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilitangaza kuupiga marufuku, na mahakama ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Ni zao linalotambuliwa, lina wakulima Embu na wanasheria wa kulitetea. Mjomba na mzee wa mtaa walikwenda kwa muuzaji pamoja. Makubaliano yalikuwa awamu tatu za 1,500, na mtoto mdogo asikanyage pale. Wapo wanaosema kulipa deni la namna hii ni kumlea mraibu. Hoja hiyo ina uzito deni linapolipwa kimyakimya na kijana asijue. Hapa kijana alijua kila shilingi, na alikubali kumrudishia mjomba kwa kazi ya likizo katika karakana yake.

Kikao cha familia kilihamishiwa Ijumaa saa 9 alasiri, baada ya swala, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya mapumziko ya baba huko Qatar, na saa za Doha na za Mombasa ni zilezile. Baba alikuwa hapokei simu kwa kuwa analinda jengo usiku na kulala mchana. Hakuna aliyewahi kumwuliza ratiba yake. Kikao cha dakika 60 kilipangwa hivi: dakika kumi za salamu na kanuni, ishirini za jambo moja tu, kumi na tano za nani anafanya nini kabla ya Ijumaa ijayo, kumi na tano za kijana na mama peke yao. Mjomba alipewa nafasi ya kusema kwanza, kama ilivyo desturi ya nyumba ile, na kwa hilo alitulia. Mshauri mwenye umri mdogo anayemnyima mjomba neno la kwanza atalilipia kikao kizima. Kilichozuiwa ni kuanza na orodha ya makosa ya kijana. Familia huja nayo tayari, na ikisomwa yote hakuna kinachobaki cha kuzungumza.

Wenzake

Bweni lilimpokea kama shujaa. Hili lisipoangaliwa, kutoroka kwa mmoja huzaa kutoroka kwa wawili. Mtafiti Thomas Dishion na wenzake walionya mwaka 1999 kwamba kuwakusanya vijana wenye shida za tabia pamoja kunaweza kuzikuza shida hizohizo, kwa sababu wanalipana kwa kicheko na sifa kuliko mtu mzima anavyoweza kuwalipa kwa pointi. Kikundi cha siku ya 39 kilikuwa cha dakika ishirini, na kanuni moja ilitajwa mwanzoni: hatuzungumzii njia aliyopita. Swali lilikuwa la kila mtu: "Usiku ukiwa mzito, humu ndani unamfuata nani?" Vijana tisa kati ya 12 walimtaja mpishi. Mpishi alikuwa hajawahi kualikwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Wiki iliyofuata alialikwa.

Kuondoka

Kwa kalenda, siku ya 90 iliangukia siku tisa kabla ya shule kufunguliwa. Mshauri aliomba kijana aongezewe siku nane, ili atoke Jumapili na kuingia darasani Jumatatu. Kumtoa kijana mwanzoni mwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, bila shule na bila kazi, ni kumrudisha maskani kwa gari la kituo. Barua ya kumpokea ilipatikana shuleni tangu siku ya 70, na mwalimu mmoja, si shule nzima, aliambiwa kwamba kijana anatoka kwenye matibabu.

Likizo mbili za wikendi zilitangulia. Ya pili alitafuna. Alisema mwenyewe Jumapili jioni, kabla hajaulizwa, na ni vizuri, kwa sababu vijiti vya kawaida vya kupima mkojo vingi havikutengenezwa kwa ajili ya muguka, wakati cha bangi huweza kuonyesha matumizi ya wiki kadhaa nyuma kwa mtu aliyezoea kuvuta. Kituo kinachotegemea vijiti peke yake kitamwadhibu aliyevuta bangi mwezi uliopita na kumpongeza aliyetafuna muguka leo. Walichora manila nyingine. Kiungo kilikuwa jioni ya Jumamosi kati ya saa 11 na saa 2, wakati mama yuko sokoni. Tangu hapo saa hizo ni za karakana ya mjomba.

PHQ-9 ya siku ya 92 ilikuwa 6, na swali la tisa sifuri. Alitoka siku ya 98. Simu za ufuatiliaji zimepangwa siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30 baada ya kutoka, kisha kila mwezi hadi mwezi wa sita. Marekani, sheria ya shirikisho ya 2018 inavitaka vituo vya bweni vinavyolipwa kwa fungu la malezi ya watoto vifuatilie familia angalau miezi hiyo sita. Simu ya siku ya 3 ndiyo inayosahauliwa zaidi na ndiyo inayopata mengi, kwa kuwa furaha ya kurudi imeshapoa na marafiki wameshapita mlangoni. Anaulizwa kwanza usingizi, halafu Jumamosi jioni, halafu mdogo wake. Awamu ya tatu ya deni ililipwa wiki ya pili baada ya kutoka. Mdogo ameanza vikao vya nje, mara moja kwa wiki, kwa mshauri mwingine, si huyuhuyu wa kaka yake.